Kwa mtawa mchana, kwa mganga usiku

Mtu wa Maganzo akirudi kutoka Dar es Salaam na kusema kwamba alipita Upanga, akaingia katika hekalu la Wabuddha na kumsikiliza mtawa kwa saa nzima, swali la kwanza atakaloulizwa halihusu alichofundishwa. Ataulizwa kama amehama dini. Jirani atauliza, shemeji atauliza, na mzee wa kanisa au ustadhi akisikia, naye atakuja kuuliza kwa sauti ya chini. Mtu huyo huyo akikodi bodaboda jioni kwenda kwa mganga wa kijiji cha mbali, akatoa kuku na noti, akarudi na dawa ya kufungua bahati ya shimo, haulizwi kama amehama. Akiwa Mwislamu, Ijumaa atasimama safu moja na wenzake. Akiwa Mkatoliki, Jumapili atapokea komunyo. Wala hakuna atakayesema imani yake imepungua. Jambo hili linajirudia mno hata tumeacha kuliona.

Naliona kuwa kosa kubwa la kupima. Hoja yangu ni hii: Mkristo au Mwislamu anayesafiri kwenda kujifunza kwa mwalimu wa Kibuddha, mchana, kwa jina lake, na maswali yake mkononi, haisaliti dini yake. Tena katika mji kama Maganzo, ambako hamu ya utajiri wa ghafla huamua mambo mengi ya nyumbani, anayofundishwa huko ni mambo tunayoyahitaji sana. Safari inayopaswa kututia hofu ni ile nyingine, ya usiku, ambayo hatuihoji.

Mji wa bahati

Maganzo iko kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, wilayani Kishapu, jirani na mgodi wa Mwadui. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, alipata hapo mwamba wa almasi wenye eneo la hekta zipatazo 146, mojawapo ya miamba mikubwa ya aina hiyo duniani. Mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi la karati zaidi ya 54, ambalo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Tangu enzi hizo watoto wa eneo hili wamekua wakisikia habari za mtu aliyeinama maskini akainuka tajiri. Habari hizo si uongo mtupu. Hutokea, na kwa sababu hutokea zinashika akili. Ukienda upande wa Geita utakuta dhahabu badala ya almasi, lakini moyo ni ule ule: mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anauza ng'ombe, kisha anauza shamba, akisubiri mwamba utoe.

Kazi hii haina mshahara wa mwisho wa mwezi. Mchimbaji mdogo anaweza kuchekecha changarawe miezi mingi asipate kitu, na mwenzake wa shimo la pili akatoboa kwa siku moja. Jembe ni lile lile, jasho ni lile lile, na matokeo ni mbingu na ardhi. Aliye katika hali hiyo lazima atajiuliza: kwa nini yule na si mimi? Hapo ndipo mpiga ramli anapoingia na jibu lililo tayari, kwamba kuna mtu amekufunga. Utafiti wa kituo cha Pew uliotolewa mwaka 2010 ulikuta Watanzania zaidi ya tisa katika kila kumi wanaamini kuwa uchawi upo, kwa hiyo jibu hilo halihitaji nguvu nyingi kuaminika.

Natofautisha waziwazi. Wapo waganga wa mitishamba wanaotambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, wanaotibu watu na hawamdhuru yeyote. Ninaowasema ni wale wanaouza majina. Gharama yao huanza na kuku, ikapanda hadi ng'ombe, ikaishia kwenye damu. Vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu na yakadhaniwa kuwa alama ya uchawi, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi ya kuwapikia hao hao waliokuja kuwaua. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yakaenea Kanda ya Ziwa, viungo vyao vikitafutwa na watu walioahidiwa utajiri wa migodini na ziwani. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Watoto wenye ualbino wakakusanywa katika shule ya Buhangija, Shinyanga, wakalelewa ndani ya uzio, mbali na mama zao. Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Waliofanya mauaji hayo hawakutoka katika nchi isiyo na makanisa wala misikiti. Basi tujiulize: mpaka wa dini tunaoulinda kwa ukali mbele ya mtawa wa Upanga ulikuwa wapi siku hizo zote?

Aliyeogopa kugeuzwa

Hofu ya kwamba kumsikiliza mwalimu wa dini nyingine ni kugeuzwa si ya Maganzo peke yake. Anayestahili kutajwa hapa ni S. N. Goenka, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1924, katika familia ya Kihindu iliyoshika dini barabara. Alikuwa na maumivu makali ya kichwa, akazunguka kwa madaktari wa Ulaya, Marekani na Japani, akawa anachomwa mofini na kuogopa kwamba dawa yenyewe itamfanya mtumwa. Mwaka 1955 akaelekezwa kwa U Ba Khin, ambaye hakuwa mtawa wa kukaa pangoni bali Mhasibu Mkuu wa Serikali ya Burma, mtu wa vitabu vya hesabu na ofisi, aliyefundisha watu kutafakari baada ya saa za kazi. Goenka alisita. Alihofia kwamba Mhindu akiingia mlango wa Wabuddha atatoka si Mhindu tena.

Jibu alilopewa, kwa mujibu wa Goenka mwenyewe alivyolisimulia mara nyingi baadaye, lilikuwa swali: je, dini yako inapinga mwenendo mwema? Inapinga kuitawala akili? Inapinga hekima inayosafisha moyo? Hapo hayakuwepo ya kupinga. Tena U Ba Khin alikataa kumpokea kwa ajili ya kichwa tu. Alimwambia kwamba mafunzo haya si dawa ya maumivu, na atakayeyatafuta kwa ajili hiyo atakuwa anayashusha thamani. Nawaomba wasomaji walipime hilo. Mwalimu anamwona tajiri mgonjwa amekuja mwenyewe, hampi ahadi ya kupona, hamtajii adui aliyemroga. Mwaka 1969 Goenka alikwenda India kufundisha, na hadi kifo chake mwaka 2013 madarasa yake ya siku kumi yalikuwa yamewapokea Wahindu, Waislamu, Wakristo na wasio na dini, wote bila ada, gharama zikibebwa na michango ya waliokwisha kupitia mafunzo hayo. Katika gereza la Tihar jijini Delhi, miaka ya 1990, wafungwa wa dini mbalimbali waliketi pamoja katika darasa hilo.

Wanaosema Kanisa haliruhusu watazame tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa tamko la Nostra Aetate, ambalo linautaja Ubuddha kwa jina na kusema Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Miaka mitatu baadaye Thomas Merton, mtawa Mkatoliki wa Marekani, alipanda milima hadi Dharamsala kuzungumza na Dalai Lama kuhusu kutafakari. Alifariki karibu na Bangkok Desemba mwaka huo huo wa 1968, akiwa mtawa wa Kikatoliki na padre, akazikwa kwenye monasteri yake Kentucky. Askofu Mkuu Desmond Tutu alikaa na Dalai Lama siku kadhaa Aprili 2015, wakibishana na kucheka juu ya furaha na mateso, na hakuna aliyewahi kusema Tutu aliacha Uanglikana. Kwa upande wa Waislamu, Al-Biruni alijifunza Kisanskriti na kuketi na wanazuoni wa Kihindu, akaandika kitabu kikubwa juu ya India mnamo mwaka 1030, naye akabaki Mwislamu. Si wa Kibuddha waliomfundisha, lakini njia ni hiyo hiyo: kwenda kwa mwenye elimu yake, kumsikiliza kwa lugha yake, na kurudi nyumbani kwako.

Na yule aliyebadilika kweli?

Hapa nitaulizwa, na kwa haki, kuhusu Uganda. Steven Kaboggoza alizaliwa mwaka 1966 na kulelewa Mkatoliki. Mwaka 1990 alikwenda India kusoma chuo kikuu, akakutana na watawa vijana wa Thailand waliokuwa wanafunzi kama yeye, urafiki ukazaa maswali, na maswali yakamfikisha kwenye utawa: mwaka 2002 aliwekwa rasmi kuwa mtawa huko California, akaitwa Bhante Buddharakkhita, akakaa miaka kadhaa Virginia Magharibi akifundwa na mwalimu wa Sri Lanka, Bhante Gunaratana. Mwaka 2005 akaanzisha Kituo cha Wabuddha Uganda karibu na Entebbe. Huyu hakurudi katika dini aliyotoka nayo. Je, si ushahidi kwamba wanaohofu wana haki?

Sitakwepa. Anayesafiri kujifunza anaweza kubadilika, na mzazi aliyembatiza mtoto au kumsomesha madrasa ana haki ya kuumia. Lakini Katiba yetu, ibara ya 19, inamtambulia kila mtu uhuru wa dini, ukiwemo uhuru wa kuibadili. Imani iliyobaki kwa sababu mwenyewe hakuruhusiwa kusikia jambo jingine ina nguvu gani siku ya majaribu? Tumpime pia kwa alichorudi nacho. Alirudi mchana, kwa joho ambalo kila mtu aliliona, akakubali kushangaliwa barabarani na kuulizwa yeye ni mganga wa namna gani, akachimba kisima kilichowapa maji majirani wasio wa dini yake. Hakumficha mtu alichokuwa. Kati ya mtoto wa namna hii na yule anayebaki na jina lake la ubatizo huku akilipia viungo vya binadamu mwenzake, mzazi gani hajui yupi amepotea?

Wala sisemi kwamba dini zote ni sawa. Kauli hiyo naiona ya uvivu, na haimheshimu yeyote. Ubuddha haumfundishi Mungu Muumba; unafundisha kuzaliwa upya, jambo ambalo Biblia na Kurani hazilikubali. Msafiri mkweli anayajua hayo kabla ya kupanda basi, na mwalimu mkweli hayafichi. Tofauti zinabaki palepale, na bado yapo ya kujifunza.

Pesa ya jiwe

Tuje nyumbani sasa, maana hapa ndipo faida yenyewe ilipo. Kiini cha mafundisho ya Siddhartha Gautama, aliyezaliwa Lumbini katika nchi ya leo ya Nepali, ni kwamba mateso ya mtu yana mzizi katika kiu ya kutaka, kiu isiyokatika kwa kupata. Mchimbaji akimuuliza mtawa kwa nini yule alipata na yeye akakosa, mtawa hatamtajia jirani. Atamwambia aketi, aitazame hiyo kiu inavyoamka na kupanda na kushuka, ajifunze kutoamrishwa nayo. Jibu la mpiga ramli linataja jina la mtu, na usiku huo kuna bibi kizee ambaye hayuko salama. Jibu la mtawa halimhatarishi yeyote.

Tena mafundisho hayo hayaishii kwenye kuketi kimya. Mapokeo ya Kibuddha yanahifadhi nasaha alizopewa kijana Sigala, mtu wa nyumba na mali, si mtawa. Anaambiwa mapato yake ayagawe mafungu manne: moja alitumie, mawili ayarudishe kwenye kazi, la nne aliweke kwa siku ya shida. Anatajiwa milango ya kupotezea mali: ulevi, kamari, kuzurura usiku, marafiki wabaya, uvivu. Anaelezwa pia wajibu wake kwa mkewe, kwamba amheshimu, asimdharau, asimwendee kinyume, ampe mamlaka ya nyumba, ampatie mapambo. Nani aliyeishi karibu na machimbo asiyeona kwamba nasaha hizo zinaugusa mji wetu moja kwa moja? Jiwe likiuzwa, dalali anajua bei, wenzake wa shimo wanajua, mwenye baa anajua kabla ya machweo. Mke ndiye wa mwisho kuambiwa, na mara nyingi haambiwi kiasi. Pikipiki inanunuliwa, nyumba ndogo inapangishwa, wapambe wanaongezeka. Msimu ukigeuka, mtoto aliyefaulu kwenda sekondari anakosa sare, na baba yule yule anarudi kwa mganga kuuliza nani ameifunga bahati yake. Hakuna aliyeifunga. Fungu la nne halikuwekwa, wala yale mawili ya katikati.

Msomaji atasema Biblia imekwisha kutuambia mzizi wa maovu uko katika kupenda fedha, na Uislamu umekwisha kukemea israfu, basi tunahitaji nini zaidi? Ni kweli tumeambiwa. Tulichokosa ni mazoezi. Mahubiri yanatuambia tusitamani, kisha tunarudi shimoni bila kufundishwa la kufanya saa ile tamaa inapotushika koo. Mtawa wa Kibuddha ana karne zipatazo ishirini na tano za ufundi katika jambo hilo moja, la namna ya kuitazama akili inavyofanya kazi. Mkristo akiuchukua ufundi huo akarudi nao kwenye sala zake, na Mwislamu kwenye swala na dhikri zake, nani amepungukiwa? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Maskini aambiwe asitamani?

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kanisani wala msikitini. Linatoka kwa mchimbaji mwenyewe: ninyi mnaokula milo mitatu mnakuja kumwambia mwenye njaa apunguze hamu? Ningelichukia fundisho la namna hiyo kwa moyo wangu wote. Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa Mwadui zilipobomoka, tope likafunika nyumba na mashamba ya wanakijiji. Watu wale walistahili fidia na makazi, na yeyote ambaye angewaendea na somo la kutafakari badala ya haki yao angekuwa amewatukana.

Lakini mapokeo hayo hayo ya Kibuddha yanasimulia habari za mkulima maskini wa mji wa Alavi. Buddha alifika kufundisha, watu wakakusanyika, na mkulima yule akachelewa kwa sababu ng'ombe wake alipotea akawa anamtafuta porini. Buddha alimsubiri. Mkulima alipofika amechoka, jambo la kwanza lililoamriwa lilikuwa apewe chakula, na somo likaanza baada ya yeye kushiba, kwa kuwa mwenye njaa hawezi kuelewa. Katika nchi ya Wasukuma sidhani kama ng'ombe aliyepotea anahitaji maelezo. Kutaka chakula, kutaka bei ya haki ya jiwe lako, kutaka eneo halali la kuchimba, hayo mwalimu huyo hakuyapinga. Anachokipinga ni ile hali ya aliyepata milioni kumi na bado yuko katika njaa ile ile aliyokuwa nayo jana, na sasa ameiongezea deni.

Joho si dhamana

Mwislamu wa Maganzo atanikumbusha Myanmar, na ana haki kamili. Tangu Agosti 2017 Waislamu wa Rohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh kuokoa maisha yao, na miongoni mwa waliochochea chuki dhidi yao walikuwemo watawa wenye joho. Sri Lanka nako kundi lililoongozwa na watawa liliwachochea watu dhidi ya Waislamu, na Juni 2014 damu ikamwagika Aluthgama. Asiyejua hayo asiwashauri watu kwenda kwa mtawa yeyote.

Kipimo cha kumjua mwalimu kinatolewa na mafundisho yenyewe. Watu wa ukoo wa Kalama walimlalamikia Buddha kwamba kila mhubiri anayepita kwao anajisifu na kuwaponda wengine, nao hawajui wamwamini nani. Aliwashauri wasishike jambo kwa kuwa limevuma, wala kwa kuwa ni mapokeo, wala kwa kuwa anayelisema ni mwalimu wao. Waangalie kama linazaa choyo, chuki na upofu, au linayaondoa. Watawa wa chuki wanaanguka kwa kipimo hicho, na mpiga ramli anaanguka nacho, na vilevile mchungaji anayeuza chupa ya mafuta kwa mjane kwa ahadi ya muujiza. Kama kipimo hicho kingekuwa mkononi mwa vijana wetu miaka ile, uvumi wa macho mekundu ungeishia barazani.

Hekalu la Upanga si geni nchini. Mizizi yake iko kwa Wasinhala waliokuja kutoka Ceylon kufanya kazi Dar es Salaam mwanzoni mwa karne iliyopita, na kwa miaka mingi limeongozwa na mtawa wa Sri Lanka, Ilukpitiye Pannasekara Thero. Kutoka kwetu ni mwendo wa takriban kilomita 1,000, safari ambayo wengi wetu hawataimudu. Basi mwalimu wa huko aalikwe Maganzo. Parokia na msikiti vinaweza kumwalika pamoja, katika ukumbi wa shule, padre na shehe wakiwa wamekaa mbele na wao wakiwa na haki ya kumhoji hadi mwisho. Wake wa wachimbaji waalikwe kwa majina yao, si kupitia waume. Na mazungumzo ya siku hiyo yasianze na Mungu wala na kuzaliwa upya. Yaanze na yale mafungu manne, jiwe likiwa limeuzwa leo asubuhi na pesa ingali mfukoni.